Fundi Anayepima Kabla ya Kugusa

Intaneti ya nyumbani ikianza kuvuta miguu, ushauri wa haraka huwa ni wa aina mbili: zima ruta uwashe tena, au ongeza kifurushi. Wa kwanza husaidia kwa saa chache. Wa pili huongeza gharama, na tatizo likabaki palepale. Mafundi ninaowaheshimu hawaanzi na huu wala ule. Wanauliza, wanapima, na mpaka namba ionekane, hawajafungua hata kifuniko.

Mabatini ni mahali pazuri pa kuitazama kazi hii. Kata hii ya Wilaya ya Nyamagana ina sehemu yake ya chini kwenye Barabara ya Nyerere, halafu makazi yanapanda mlimani katikati ya mawe makubwa ya granaiti ambayo Mwanza inajulikana kwayo. Huko juu gari halifiki. Fundi anapanda kwa miguu, ngazi begani na begi la vifaa mgongoni. Nyumba zimebanana, na nyingine zimeegemezwa kwenye mwamba wenyewe, kiasi kwamba jiwe ndilo ukuta wa chumba cha nyuma. Waya wa faiba ukitoka kwenye nguzo ya chini unapita juu ya mapaa, unalizunguka jiwe, unafungwa kwenye msumari wa kenchi, ndipo unaingia dirishani. Kona yoyote katika njia hiyo inaweza kuwa ndiyo inayoila spidi.

Nilimfuata fundi mmoja hadi kwenye nyumba ya aina hiyo. Alipokaribishwa hakuitazama ruta. Alikaa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja, neti inatutesa.”

“Inasumbua muda wote, mama, au ina saa zake?”

“Usiku. Watoto wakisharudi, hata video haifunguki. Mchana haina neno.”

“Na ikisumbua, ni kwa simu zote au hiyo yako peke yake?”

“Zote. Na chumba cha nyuma ndiyo kabisa, hata mchana.”

Maswali mawili tu, na tayari alikuwa ameipunguza kazi kwa nusu. Tatizo la muda wote mara nyingi liko kwenye waya au kifaa. Tatizo la saa fulani huletwa na watu kugawana kitu kimoja. Tatizo la chumba kimoja ni la waifai, na la simu moja ni la simu hiyo. Hapa palikuwa na magonjwa mawili ndani ya lalamiko moja, wa usiku na wa chumba cha nyuma. Fundi asiyesikiliza angeutibu mmoja akaondoka.

Kisha akaikata njia vipande viwili, na hapa ndipo naona kiini cha ufundi huu. Alichomeka kompyuta yake kwenye ruta kwa waya, akazima waifai, akapima. Kama spidi ingekuwa mbovu kwa waya, kosa lingekuwa nje, kuanzia kwenye ruta hadi Dar es Salaam na zaidi. Ilikuwa nzuri, kwa hiyo kosa lilikuwa ndani. Kipimo cha dakika moja kikaondoa nusu ya dunia kwenye orodha ya watuhumiwa. Kifurushi kilikuwa cha megabiti 20 kwa sekunde, na faili lilikuwa likishuka kwa megabaiti 2 na nusu. Wateja wengi wakiona hiyo 2.5 huhisi wameibiwa, kumbe baiti moja ni biti nane, na hesabu iko sawasawa. Fundi alimweleza mama huyo taratibu, kwa heshima, bila kumfanya ajione mjinga.

Chumba cha nyuma kilipata jibu lake mapema. Ruta ilikuwa sebuleni, nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la chuma. Mawimbi ya waifai hayapenyi chuma. Yanagonga na kurudi. Yale yaliyoponyoka yalikuwa na kuta mbili za kuvuka, na moja ilikuwa mwamba. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini hudhoofika haraka ukutani. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, ila majirani wote wamo humo humo, na katika chaneli zake ni tatu tu, 1, 6 na 11, ambazo hazipandiani. Fundi alitembea na simu mkononi chumba kwa chumba, akisoma nguvu ya mawimbi na kuandika. Mwisho aliitoa ruta kabatini, akaipandisha juu ya mlango wa korido, akaihamisha kutoka chaneli ya 6 iliyojaa majirani hadi ya 11. Hakuuza kifaa chochote. Angeweza kuuza, na mteja angenunua.

La usiku lilihitaji akili zaidi. Alifungua ping, programu ndogo ambayo Mike Muuss aliiandika Marekani mnamo Desemba 1983 alipokuwa akitafuta kasoro ya mtandao. Inatuma ujumbe mfupi na kuhesabu unachukua muda gani kurudi. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Ndani ya kioo cha faiba, mwanga unaobeba ujumbe huo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 11 hivi, hata ulipe kiasi gani. Alipopata 15, akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akamwomba mama awashe simu zote za watoto zilizokuwa kwenye chaji. Baada ya dakika chache majibu yalikuwa yakirudi kwa milisekunde 600. Simu zile, kila zikikutana na waifai, zilikuwa zikipandisha picha na video za siku nzima kwenda kuhifadhiwa mtandaoni. Njia ya kupandisha ilijaa, na ruta ikapanga foleni ndefu ambayo kila ombi dogo, hata la kufungua ukurasa, lilipaswa kuisubiri. Aliingia kwenye mipangilio ya ruta, akaweka kikomo cha kupandisha chini kidogo ya uwezo wa kifurushi ili foleni isijengeke. Ping ikashuka hadi 25, na picha ziliendelea kupanda.

Lakini si kila nyumba ina bahati ya kosa la ndani. Kipimo cha waya kikiwa kibovu, fundi hufungua begi na kutoa kipima mwanga. Mwanga hupimwa kwa desibeli, na namba zake huwa chini ya sifuri. Kila zinapopungua desibeli 3, nusu ya mwanga imepotea. Faiba za majumbani mara nyingi hutumia mfumo unaoitwa GPON: waya mmoja unaobeba gigabiti 2.5 kwa sekunde unagawanywa kwa nyumba 32 au hata 64 kwa kipande cha kioo kisichotumia umeme. Mgawanyo wa 32 peke yake hula desibeli kama 17. Kifaa cha nyumbani cha kawaida husoma vizuri mpaka karibu hasi 27. Kikipokea hasi 20 hakina shida. Kikipokea hasi 28 taa inaweza kuwaka kijani kama kawaida, na hapo mwenye nyumba huapa kwamba waya ni mzima.

Kwa nini mwanga hafifu, unaopoteza vipande vya ujumbe, ulete kasi ndogo badala ya kukata kabisa? Jibu linatoka mbali. Oktoba 1986, kiungo kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, umbali wa yadi 400 tu, kilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Mtafiti Van Jacobson alichunguza, na mwaka 1988 akachapisha kanuni ambayo hadi leo imo katika vifaa vingi sana: kompyuta ikiona vipande vya ujumbe vinapotea, ichukulie kwamba njia imejaa, ipunguze kasi, kisha ipande tena kidogo kidogo. Simu ya Mabatini haiwezi kujua kwamba vipande vimepotea kwa sababu ya waya uliokunjwa. Inadhani kuna msongamano, na kwa adabu inapunguza mwendo. Ndiyo maana asilimia chache za upotevu hufanya kifurushi kizima kionekane hakifai.

Basi fundi anaurudia waya kwa miguu. Anachomeka tochi ya leza nyekundu upande mmoja na kuufuata. Waya ukikunjwa sana, mwanga huvuja pembeni, na kwenye kivuli unauona mwekundu ukitoka ubavuni. Mara nyingi ni pale kwenye msumari, mtu alipoukaza kwa kamba ili usipigepige bati wakati wa upepo wa ziwani.

Kuunga ndiko ninakopenda kutazama zaidi. Anaketi chini, mahali pasipo vumbi, na kuvua ganda tabaka kwa tabaka mpaka kibaki kioo chenye unene wa mikroni 125. Njia yenyewe ya mwanga iliyo katikati ni mikroni 9 tu, nyembamba kuliko unywele mara kadhaa. Anafuta kwa spiriti mpaka kioo kilie kidogo kwenye kitambaa. Anakikata kwa kisu maalumu ambacho hukikwaruza na kukivunja kwa nyuzi 90 kamili. Ncha ikikataa kunyooka, anaitupa na kuanza upya, bila kunung'unika. Mashine inazikutanisha ncha mbili, inapiga cheche, na namba inatokea: upotevu wa desibeli 0.02. Ikiwa 0.15, wengi wangeiacha, maana mteja hataona tofauti. Huyu huivunja na kuunga tena. Waya huo una maungio mengine kabla ya kufika nguzoni, na kila fundi aliyeacha “kidogo tu” ameshachukua sehemu ya akiba ya yule atakayefuata.

Na kuna siku jibu la kweli ni kwamba hapa hakuna cha kutengeneza. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikayumba pamoja na ya majirani. Fundi aliyepima siku ile angeona mwanga mzuri nyumbani, safari ya kufika Dar nzuri, kisha ukuta. Kusema “kwako ni salama, mama, tatizo liko baharini” na kuondoka bila kubadilisha kitu ni ufundi kamili, na unastahili malipo ya kupanda mlima ule.

Kwa hiyo msomaji, ukimwita fundi, usimharakishe anapouliza maswali, na usimpime kwa idadi ya vifaa alivyobadilisha. Akimaliza, mwombe aandike kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa kisanduku cha faiba namba ya mwanga aliyoiacha na tarehe. Mwaka kesho ikisomeka hasi 26 mahali palipokuwa hasi 21, atakayekuja atajua aanzie wapi.