Ifo Imechorwa, Jamani!

Kimefika! When Stars Are Scattered kiko mkononi mwangu, na naandika haya kabla sijakimaliza kwa sababu kunyamaza siwezi. Ni riwaya ya katuni, kurasa zaidi ya 250, rangi tupu mwanzo mpaka mwisho, na mambo yote yanatokea hapa hapa kwetu kaunti ya Garissa, kambi ya wakimbizi ya Ifo, Dadaab. Ifo, ndugu zangu! Siyo Nairobi, siyo mbuga ya simba.

Anayesimulia ni Omar Mohamed, aliyeingia kambini akiwa mtoto mdogo, vita vya Somalia nyuma yake na mdogo wake Hassan mkononi. Mchoraji ni Victoria Jamieson, Mmarekani, yule wa Roller Girl, na rangi kazitia Iman Geddy. Kilitoka 2020, na mwaka huo huo kikafika fainali ya National Book Award kule Marekani. Kwangu kimechelewa, lakini hiyo basi.

Sasa mtazame Hassan. Ana kifafa, hazungumzi, na katika viputo vya maneno ana neno lake moja: Hooyo, yaani mama. Akifurahi, Hooyo. Akiogopa, Hooyo. Mchoraji analirudia ukurasa baada ya ukurasa, uso tu ndio unaobadilika, na wewe msomaji unajifunza kumsikia kama Omar anavyomsikia. Huo ni ufundi! Kuna foleni ya maji, kuna kungoja mgao, kuna Fatuma, mama jirani aliyewalea kama wanawe. Na kuna lile swali linalomtesa Omar: aende shule, au abaki kumlinda mdogo wake? Nilifunga kitabu hapo kidogo, nikanywa chai, nikarudi mbio.

Kimenikumbusha kijana mwingine kabisa. Richard Doyle wa London, mwaka 1842, akiwa na miaka 17, alikuwa akimwandikia babake barua kila wiki, michoro imejaa mpaka pembeni: maandamano, maonyesho ya sanaa, umati wa watu. Baba huyo, John Doyle, mchora vibonzo wa kutajika, ndiye aliyeagiza barua hizo, na walikuwa wakiishi nyumba moja! (Conan Doyle wa Sherlock Holmes alimwita Richard baba mkubwa.) Zikachapwa kitabu kizima 2016. Nzuri, zinachekesha. Lakini Omar amwandikie nani? Babake aliuawa shambani. Mama aliwaambia wakimbie na majirani, wakapotezana naye. Ndiyo maana nakisoma kitabu hiki kama barua ya michoro iliyotumwa bila anwani. Ukifika mahojiano ya UN, pale anapolazimika kumweleza afisa siku ile ilivyokuwa, shika leso.

Na ile hamu ya kwenda ughaibuni inayomla mtu, ambayo Dadaab huiita buufis? Imo yote: kungoja majina, kuhesabu miaka, rafiki kuondoka wewe ukibaki. Sijaona mtu akiichora hivi.

Kasoro? Vumbi lake ni safi mno kwa mtu aliyewahi kupanda basi la Dadaab wakati wa kiangazi. Na nyuso za mviringo, macho makubwa, zinalainisha mambo ambayo hayakuwa laini, ingawa kitabu ni cha watoto, basi nasamehe. Kukipata kwa Kiingereza tu kunaniuma zaidi. Mtoto wa kambi ya Hagadera astahili kukisoma kwa Kisomali, na wa Bura kwa Kiswahili. Wachapishaji wa Nairobi, mko wapi?

Omar leo yuko Pennsylvania, na shirika lake, Refugee Strong, linasaidia wanafunzi waliobaki kambini. Hilo nimelikuta kurasa za nyuma, maana uvumilivu ulinishinda nikachungulia mwisho. Kuhusu Hooyo, sisemi. Usiniulize. Kinunue!