Wimbo wa Taifa na Mtoto wa Binti Yetu

Msomaji, wimbo wa taifa la Kenya umeuimba tangu darasa la kwanza, na jambo lililozoeleka hivyo si rahisi kulihukumu. Hata hivyo, uweke leo mbele yako kama shairi lingine lolote, tuuchungue.

Lahani yake ilitwaliwa katika wimbo wa Wapokomo, watu wa Mto Tana, ambao mama humwimbia mwanawe ili alale. Mwaka 1963 kamati ya watu watano ndiyo iliyoutengeneza. Mmoja wao, Graham Hyslop, alikuwa Mwingereza. Mwingine, George Senoga-Zake, alikuwa mzaliwa wa Uganda. Wako wanaolalamika kwamba lahani hiyo ina huzuni, haifai gwaride. Mimi naona ndiyo sifa yake kubwa, na bendi ziuharakishazo huuharibu.

Sasa tazama maneno. Katika beti zote tatu hakutajwa baba, wala ukoo, wala kabila. Neno lililobeba mzigo ni “undugu”. Na ndugu, kwa Kiswahili, haulizwi kama ni wa kuumeni au wa kukeni.

Yafaa kulipima neno hilo hapa Tongaren, kati ya Bungoma na Kitale, ambapo mpaka wa Uganda hauko mbali. Wabukusu wa huku na Wagisu wa Mbale husikilizana kwa lugha, hutahiri vijana wao katika miaka ile ile ya shufwa, tena huoana. Fikiri binti wa hapa aliyeolewa Mbale, akazaa huko, kisha akarudi na mwanawe. Jumatatu asubuhi, bendera ilipopandishwa, mtoto yule alisimama na wenzake akauimba undugu. Lakini sheria iliyokuwapo tangu uhuru ilisema kwamba azaliwaye nje ya Kenya hupata uraia kwa baba tu. Kaka wa binti huyo angalioa Mgisu na kuzaa naye Mbale, mwanawe angalikuwa Mkenya siku ile ile. Mama, ambaye lahani yenyewe ni yake, hakuhesabiwa.

Kwa zaidi ya miaka 46 wimbo ulikuwa na haki kuliko sheria. Katiba ya mwaka 2010 iliiondoa kasoro hiyo: popote mtoto azaliwapo, ni raia wa kuzaliwa ikiwa mama au baba ni raia, na waliozaliwa kabla ya mwaka huo wamo pia.