Fupi si Pungufu: Uhakiki wa Ushauri wa Kukata Maneno kwa Watoto Wenye Usonji

Kwa miaka mingi wazazi na walimu wa watoto wenye usonji wamekuwa wakipewa ushauri mmoja: semeni nao kwa maneno mawili matatu, na muondoe kila kipande kisichobeba maana nzito. Mtindo huo huitwa lugha ya telegramu, kwa kuwa hufanana na ujumbe wa posta wa zamani, ambao kila neno lake lililipiwa. Makala haya yanahakiki ushauri huo tukizingatia Kiswahili, hususan kile kinachosikika Rumonge na katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika.

Tuanze kwa kuutendea haki. Wanaoutetea wanasema kwamba mtoto ambaye usikivu wake unatawanyika hulemewa na sentensi ndefu, na kwamba ni rahisi kwake kuiga maneno machache. Hoja hii si ya kubeza. Hata hivyo, mwaka 2010 Anne van Kleeck na wenzake waliupitia ushahidi uliokuwapo na kuona kuwa hautoshi kuutegemeza ushauri wenyewe. Mwaka 2015 Courtney Venker na wenzake walichapisha utafiti wa jozi 55 za wazazi na watoto wenye usonji wanaozungumza Kiingereza. Kadiri mzazi alivyoacha vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino, ndivyo mtoto alivyotumia maneno machache tofauti mwaka mmoja baadaye. Huo ni uhusiano tu, wala hauthibitishi kwamba jambo moja limesababisha jingine. Lakini hauupi nguvu ushauri wa kukata.

Sasa tuje kwetu. Kwa Kiingereza, anayekata huacha vineno vinavyosimama peke yake. Katika Kiswahili vipande vinavyolingana na hivyo vimo ndani ya kitenzi chenyewe: kiambishi cha nafsi, cha njeo na cha mtendwa. Kuvikata ni kukipasua kitenzi.

Tuchukue mfano. Mama na mwanawe wako mwaloni Rumonge asubuhi, nao wanaanika ndagala. Mama aliyeshauriwa akate maneno atasema: "Mama anika ndagala. Mtoto shika ndagala." Wasomaji wetu wataona tatizo mara moja. Kitenzi cha Kiswahili kilichovuliwa viambishi kina kazi yake tayari, nayo ni kuamuru. Mtoto anasikia "anika" na "shika", naye hana njia ya kujua kama anasimuliwa au anaagizwa. Mama akikwepa amri, atakimbilia "mama kuanika", na hapo tunakutana na mwangwi wa Kisetla, Kiswahili cha walowezi wa Kenya, ambacho hakuna mwalimu kati yetu angekifundisha darasani.

Kinyume chake, mama huyohuyo anaweza kusema: "Ninaanika. Unazishika? Umezishika! Zimekauka." Sentensi hizi hazina zaidi ya neno mojamoja, na kila moja imekamilika. "Zimekauka" inamwambia mtoto kwamba vitu ni vingi, ni vya ngeli ipi, na kwamba jambo limekwisha kutendeka. Lila Gleitman alieleza mwaka 1990 kwamba mtoto hutumia umbo la sentensi kukisia maana ya kitenzi asichokijua. Kwetu sehemu kubwa ya umbo hilo imo katika viambishi. Hii ndiyo hoja yetu kuu: Kiswahili kinaruhusu usemi uwe mfupi bila kuwa pungufu. Kirundi nacho hujenga kitenzi vivyo hivyo. "Ararya" ni sentensi kamili. Mzazi wa Rumonge anayehama kati ya lugha hizi mbili hahitaji kuvunja yoyote.

Liko jambo la pili, zito zaidi. Leo Kanner, katika makala yake ya mwaka 1943, alieleza watoto waliorudia maneno kama walivyoyasikia, wakibadilisha "mimi" na "wewe". Mtoto wa namna hiyo akiulizwa "Unataka maji?" anaweza kujibu "Unataka maji" akimaanisha kwamba yeye ndiye anayetaka. Mzazi akiondoa viambishi na kusema "Taka maji?", kosa halionekani tena, lakini limefichwa tu. Mtoto hawezi kugundua kwamba u- hugeuka ni- mzungumzaji anapobadilika ikiwa hasikii u- wala ni-. Ni afadhali mzazi amtangulie kwa sauti ya mtoto mwenyewe: "Ninataka maji", kisha ampe.

Inatupasa pia kukubali mipaka ya hoja yetu. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu watoto wanne wa Nairobi, alionyesha kwamba watoto huacha mara nyingi kiambishi cha nafsi au cha njeo, na kwamba hata watu wazima wa huko hukiacha cha nafsi katika mazungumzo ya kawaida. Kwa hiyo si kila kiambishi kisichosikika ni dalili ya usemi uliovunjwa. Vilevile, anayesema "katoto" na "tutoto" kwa athari ya Kirundi hapunguzi sarufi. Anatumia sarufi ya mahali pake. Tusije tukageuza uhakiki huu kuwa fimbo ya Kiswahili sanifu. Zaidi ya hayo, usonji hausababishwi na namna mzazi anavyosema, na mama aliyefuata ushauri kwa mapenzi hastahili lawama.

Tunachokilaumu ni desturi ya kupokea ushauri uliotungwa kwa lugha nyingine na kuutafsiri neno kwa neno, pasipo kuuliza lugha yetu inafanya nini. Kuhesabu maneno hakutoshi pale ambapo "tumempikia" ni neno moja. Tunatoa rai kwa walimu na wanafunzi wetu: mzazi akija kuuliza, tumwambie aseme kwa ufupi, polepole, juu ya kile mtoto anachokitazama, na arudie akibadilisha viambishi. Aseme "imeanguka", "zimeanguka", "umeiangusha". Mtoto anayechelewa kusema ana haki ya kusikia lugha nzima.