Mikono Mitupu ya Mchoraji

Je, ni halali kwa Mkristo kukaa siku nyingi mbele ya kioo akiichora sura yake mwenyewe? Swali hili si geni katika Kanisa letu. Mwaka 1522, watu wa Wittenberg walipokuwa na ghasia juu ya kuondoa picha makanisani, Martin Luther alirudi mjini na kuhubiri siku nane mfululizo. Alifundisha kwamba picha yenyewe haimwokoi mtu wala haimpotezi; tatizo liko katika moyo unaoitegemea. Basi hata picha ya sura yetu wenyewe tuipime kwa kipimo hicho. Tuulize: moyo wa aliyeichora umeegemea wapi, na sisi tunaoitazama tunaachwa tukiegemea wapi?

Mfano tulioutafakari ni wa Rembrandt van Rijn, Mholanzi aliyezaliwa Leiden mwaka 1606 na kufariki Amsterdam mwaka 1669. Hakuna mchoraji mkubwa wa zamani zake aliyeirudia sura yake mara nyingi kama yeye. Zimebaki takribani picha 40 za rangi za mafuta, mbali na zile alizozichonga kwenye bamba la shaba na kuzichapa. Alianza akiwa kijana na akaendelea mpaka mwaka wa kifo chake.

Kazi ya rangi za mafuta inataka subira. Rangi husagwa na kuchanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, nayo hukauka polepole. Mchoraji anaweza kurudi kesho na keshokutwa, akaongeza tabaka juu ya tabaka, akafuta na kuanza upya. Mtume Yakobo (1:23-24) anamtaja mtu anayejitazama kwenye kioo, akaenda zake, akasahau mara moja alivyo. Mchoraji wa sura yake hawezi kuwa mtu huyo. Kila akisahau lazima ainue macho tena. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema kwamba kazi hii ni majivuno tu. Majivuno hutosheka na kutazama mara moja. Anayetaka kuchora kunyanzi jinsi lilivyo hana budi kulitazama hata siku ambayo hapendi kuliona.

Lakini si kila picha inayofanana na mtu husema kweli. Katika makumbusho ya National Gallery, London, zimo picha mbili za Rembrandt ambazo zikitazamwa pamoja hufundisha kuliko maelezo mengi. Ya kwanza ni ya mwaka 1640, alipokuwa na miaka 34. Mwaka uliotangulia alikuwa amenunua nyumba kubwa kwa fedha 13,000 za Kiholanzi, nyingi kati ya hizo zikiwa deni. Mwaka huohuo picha moja maarufu ya Raphael iliuzwa pale Amsterdam, naye akainakili upesi kwenye karatasi. Katika picha yake ya 1640 anaegemeza mkono kwa madaha kama waungwana waliochorwa na mabwana wa Italia. Nguo zake ni za thamani, tena ni za mtindo wa karne iliyokuwa imepita. Uso ni wake kweli. Ngozi, macho na ndevu vimechorwa kwa ustadi ambao hatuna neno la kuupinga. Hata hivyo tunabaki nje ya mlango. Joho linasema mengi kuliko uso, na uso wenyewe unatungoja tukubali kwamba huyu ni mtu mkubwa. Tunaisifu picha hii kama kazi ya mikono, lakini haimwachi mtazamaji karibu na mwenye sura.

Ya pili ni ya mwaka 1669, akiwa na miaka 63. Kati ya picha hizi mbili yamepita mambo mazito. Watoto wake watatu wa kwanza walikuwa wamekwisha kufa wachanga, na mwaka 1642 akafa mkewe Saskia. Mwaka 1656 madeni yalimshinda na mali yake ikaorodheshwa na kuuzwa: orodha hiyo ina vifungu 363. Mwaka 1663 akafa Hendrickje Stoffels, aliyeishi naye baada ya Saskia. Mwaka 1668 akafa mwanawe Titus. Huyo ndiye anayetutazama sasa: mashavu yamelegea, pua ni nene, paji la uso lina mikunjo, nywele zina mvi. Rangi nyeupe imepakwa nene pale mwanga unapoiangukia ngozi, hata ngozi inaonekana kuwa na uzito wake. Hakuna joho la kujivunia wala mkao wa kuazima.

Wengine hufika hapa na kusema: huyu ni mtu aliyetubu. Tusikimbilie huko. Picha haituambii mchoraji alisali nini, na zama zile walikuwapo watu waliopenda kununua sura za wachoraji mashuhuri. Rembrandt aliishi kwa kazi yake. Uzee uliochorwa vizuri nao ungeweza kuuzwa. Tukimfanya mtakatifu kwa sababu ya makunyanzi yake, tutakuwa tumemvika joho jingine tu. Uso wenyewe haulii wala hauombi kuhurumiwa. Unatazama tu.

Kinachotushika zaidi ni mikono. Wataalamu walipoipiga picha hii kwa mionzi ya eksirei, waliona kwamba mwanzoni Rembrandt alijichora akiwa na brashi mkononi. Baadaye alibadili. Akaifuta brashi, akaikutanisha mikono mbele ya kifua, mitupu. Kofia nayo ilikuwa kubwa zaidi na nyeupe, akaipunguza. Inawezekana alifanya hivyo kwa sababu za kiufundi tu, ili macho yetu yasiache uso yakaenda kwenye mikono. Ni sababu njema na inatosha. Lakini matokeo yako mbele yetu. Mtu aliyefanya kazi kwa zaidi ya miaka 40, na kazi hiyo ikampa jina, amebaki katika picha bila chombo cha kazi yake. Hatuonyeshi alichofanya. Anatuonyesha alivyo.

Sisi Walutheri tunalijua somo hilo kwa mdomo tangu kipaimara: mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo yake. Kulijua kwa mikono ni vigumu zaidi. Tukijieleza mbele za Mungu, upesi tunashika brashi: miaka ya utumishi, sadaka ya jengo, uongozi wa kwaya, watoto tuliowasomesha. Hayo yote ni mema, na brashi ya Rembrandt ilikuwa njema. Ila haikuwa uso wake.

Hapa ipo picha ya tatu ya kulinganisha. Mnamo mwaka 1633, akiwa bado kijana, Rembrandt alichora kusimamishwa kwa msalaba wa Yesu. Picha hiyo iko Munich, Ujerumani. Kati ya wanaouinua msalaba kuna mtu mwenye kofia ya buluu, kofia ya mchoraji. Ni Rembrandt mwenyewe. Wahubiri huipenda picha hii, na si bure, kwa kuwa inasema kile tunachokiri Ijumaa Kuu: ni sisi tuliomsulubisha. Mafundisho yake ni sahihi. Lakini tukiipima kama picha ya sura ya mtu, tunaiona ni nyepesi kuliko ile ya 1669. Dhambi yake pale ni dhambi ya watu wote, naye anaikiri akiwa amesimama mahali penye mwanga. Kukiri kwamba sote ni wenye dhambi hakumgharimu mtu sana; kila Jumapili tunaweza kusema hivyo na kurudi nyumbani tulivyokuja. Katekisimo Ndogo inatutaka pia tuzitaje zile tunazozijua na kuzisikia moyoni. Picha ya uzeeni haina msalaba wala Biblia, lakini kila kunyanzi lina mahali pake. Hakuna uso wa jumla.

Tuseme na jambo moja ambalo Kanisa halipaswi kulipita. Mwaka 1654 Hendrickje, akiwa mjamzito, aliitwa mbele ya baraza la kanisa la Wakalvini pale Amsterdam kwa sababu aliishi na Rembrandt bila ndoa, akazuiwa kushiriki Chakula cha Bwana. Hatusemi kwamba kanisa halina haki ya kuonya. Hata kwetu mtu hutengwa, na akitubu hurudishwa kundini mbele ya washarika. Lakini ubavuni pa habari hiyo picha ya 1669 inatuuliza swali. Uso wa Hendrickje uliletwa mbele na wengine. Uso wa Rembrandt katika picha ile aliuleta mwenyewe, polepole, kwa mkono wake, na hakuna aliyemsukuma. Ukweli wa namna hiyo haupatikani kwa kumshika mtu kidevu na kumgeuzia kwenye kioo. Akilazimishwa, atatuonyesha uso wa kuazima kama ule wa 1640, nasi tutaridhika na kuandika kwenye kitabu cha usharika kwamba ametubu.

Tena, anaposimama mmoja mbele, mara nyingi ni binti mwenye mimba na si kijana aliyempa mimba hiyo. Sisi wengine tunakaa kwenye viti na majoho yetu, tumeegemeza mkono. Usharika unaotaka nyuso za kweli uanze na wanaokaa viti vya mbele: wachungaji, wazee wa kanisa, wenye majina. Mtu huthubutu kuweka brashi chini pale tu anapojua kwamba hatafukuzwa akionekana mikono mitupu. Ujasiri huo hautoki kwenye kioo. Unatoka kwenye Injili, inayosema kwamba Kristo alitufia tungali wenye dhambi (Warumi 5:8), yaani kabla sura zetu hazijatengenezwa.

Basi jibu letu kwa swali la mwanzo ni ndiyo, ni halali, na ina faida. Ila ina mpaka wake, na mpaka huo uko ndani ya kazi yenyewe. Anayejichora kwa kioo hujiona amegeuzwa: mkono wa kuume huonekana upande wa kushoto. Hakuna mchoraji aliyewahi kuuona uso wake kama jirani yake anavyouona. Mtume Paulo anawaambia Wakorintho (1 Wakorintho 13:12) kwamba kujua kwetu kwa sasa ni kwa kioo na kwa sehemu, lakini tayari tunajulikana kikamilifu. Rembrandt alijitahidi miaka 40 kujiona, na kazi yake ya uzeeni inastahili heshima yetu. Anayetuona bila kioo ni Mungu, naye hajageuza uso wake.