Heko Wapima Udongo

Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, singa zinazopatikana ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni maganda na majimaji yenye uchachu, na mkoani Tanga taka hizo ni nyingi mno. Kuzirudisha shambani ni jambo jema, ila si kila ardhi inaziweza. Ndiyo maana nawapa heko wataalamu wa udongo wa kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Mlingano, wilayani Muheza, na wenzao popote walipo.

Kazi yao ni ya jasho. Huchimba shimo refu, wakashuka humo na kukagua tabaka moja baada ya jingine. Hulowesha donge na kulifikicha vidoleni: ni kichanga, tifutifu au mfinyanzi? Hutafuta madoa ya kijivu na ya rangi ya kutu, kwani hayo hufichua kuwa maji hutuama hapo wakati wa masika, hata kama wanapima katikati ya kiangazi. Majibu hayo yana uzito: kwenye kichanga, naitreti ya samadi huteremka na mvua hadi visimani. Kwenye mteremko, taka huishia mtoni.

Ninachowaheshimia zaidi ni uthubutu wa kumwambia mwenye shamba kwamba hapa pasimwagwe kitu. Wanaochota maji bonde la chini wana deni la shukrani kwao.

Mkulima mwenzangu, kabla hujamwaga samadi au taka za kiwanda, peleka kwanza udongo wako ukapimwe.