Gurudumu Linapolishinda Gari

Mjini Mpanda, si mbali na kituo cha reli itokayo Kaliua, nililiona gari lililonifanya nisimame. Lilikuwa Land Rover ya zamani, ile ndefu iitwayo 109. Rangi yake ya kijani ilikuwa imetunzwa, na kioo cha mbele kingali cha vipande viwili. Lakini chini yake zilifungwa rimu pana zing'aazo, za inchi 20, mahali pa zile za chuma za inchi 16. Vijana waliolizunguka walilisifu kwa neno moja tu: la kisasa. Mhakiki hana budi kulipima neno hilo, kwa kuwa gari hili limekwisha kuingia katika urithi wetu. Mamia ya magari ya jina hilo yalikusanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 kwa tamasha lake.

Tuanze na umbo. Land Rover ya kwanza ilitolewa Uingereza mwaka 1948. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ndipo waundaji wakatumia bati la alumini, wakalikunja kwa mikunjo rahisi. Hakuna pambo. Ubavu bapa, pembe wazi, tairi jembamba lenye mpira mwingi: kila kiungo kimetokana na uhaba na kazi. Rimu ya kumetameta hupaza sauti yake peke yake, na jicho halilioni tena gari, laona rimu. Mwanafunzi aliyesoma ushairi atalitambua kosa hili mara moja. Katika utenzi wa mizani 8, kipande kimoja kikipewa mizani 12, hata maneno yake yawe matamu namna gani, wimbo umevunjika.

Huenda mtu akasema kwamba umbo ni suala la mapenzi. Basi na tufanye hesabu. Tairi la kawaida la 109 lina kimo cha inchi 32 hivi; ukitoa rimu ya 16, hubaki inchi 8 za mpira juu na 8 chini. Ukitia rimu ya 20 bila kuongeza kimo, mpira wabaki inchi 6 kila upande, na mpira ndio unaopokea mashimo kabla ya springi. Ukitaka kuuhifadhi mpira wote, kimo chafika inchi 36. Hapo madigadi hukatwa kwa msumeno, usukani usiosaidiwa na mashine huwa mzito, injini huelemewa, na kipimamwendo husema uongo: kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda 90. Breki ni zile zile.

Juu ya lami iliyofika Mpanda kutoka Sumbawanga na Tabora, udhaifu huo hufichika. Lakini toka nje ya lami wakati wa masika, uingie katika udongo mweusi wa mbuga za Katavi. Tairi jembamba hukata tope likatafuta ardhi ngumu chini yake. Pana huelea na kuteleza.

Sisemi kwamba kitu cha kale kisiguswe. Mafundi wetu wamezitia Land Rover nyingi injini za dizeli za Kijapani, nami nawasifu bila kusita, maana gari liliendelea kubeba wagonjwa, mahindi na walimu. (Walimu wenzangu waliowahi kupanda nyuma, juu ya magunia, watanielewa.) Mabadiliko hayo yalitokana na haja ya njia. Haya ya rimu yametokana na picha za magari ya nchi nyingine, yaliyoundwa kwa barabara nyingine.

Nilimwuliza mwenye gari zilikokwenda rimu za kwanza. Akanijibu kwamba tatu zimo stoo. Ya nne imetundikwa kwenye mwembe wa shule ya msingi ya jirani, ndiyo kengele.