Mshipi wa Changu kwenye Ukulele

Ukulele wangu ni wa soprano, mdogo kuliko aina nyingine za kawaida. Sehemu ya uzi inayolia haifiki sentimita 35, ilhali gitaa la kawaida lina kama 65. Udogo huo ndio unaofanya uchaguzi wa nyuzi uwe kazi ya subira. Uzi mfupi hauhitaji kukazwa sana ili ufike kwenye sauti yake, kwa hiyo unene ndio unaoamua kama kidole kitateleza au kitaumia.

Mimi nilikuwa nimefunga nyuzi nene nikidhani zitapaza sauti. Nilifika bandari ya Nyamisati kusubiri chombo cha kwenda kisiwa cha Mafia, vidole vinawaka. Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akitengeneza mishipi yake kivulini, aliniomba ukulele. Akapapasa uzi mmoja mmoja kwa kidole gumba, polepole, kama anayesikiliza samaki anayeonja chambo.

"Mjukuu wangu, hapa umefunga mishipi ya papa. Kitu chenyewe hiki ni cha changu."

Baadaye nilipiga hesabu nikakuta amesema kweli tupu. Uzi wangu wa noti ya la, unaotikisika mara 440 kwa sekunde, ulikuwa nailoni ya milimita 0.70, na ulivuta kama kilo 4. Ukiwekwa wa milimita 0.60 unavuta kilo 3. Sehemu moja ya kumi ya milimita, kilo nzima! Mzee hakuwa na mizani wala kikokotoo. Alikuwa na kidole kilichoshika mshipi wa mkono miaka mingi, usiku, bila kuona kitu.

Nailoni si mgeni kwenye muziki. Zamani magitaa yalifungwa nyuzi za utumbo wa kondoo, mpaka miaka ya 1940 Albert Augustine wa New York, akishirikiana na mpiga gitaa Andrés Segovia, alipotengeneza nyuzi za nailoni. Hata gabusi, chombo cha nyuzi cha Komoro, hufungwa mshipi wa kuvulia.

Nilikuwa na vibunda vya mishipi nilivyonunua Kibiti mjini; nilipompa mzee, ndipo nilipomwona fundi. Alipitisha kila mshipi katikati ya kucha mbili, urefu wote, akitafuta mkwaruzo. Akaubiringisha kwenye vidole kujua kama ni mviringo sawasawa, kwa maana uzi usio sawa unene haukubali kutulia kwenye sauti yake. Mmoja aliutupa, mimi sikuhisi kasoro yoyote mpaka aliponirudisha mahali penyewe mara ya tatu. Akafunga ncha kwenye mnazi, akauvuta taratibu, akasubiri, akauvuta tena. Nailoni huendelea kurefuka kwa siku kadhaa, na usipoivuta mapema ukulele utashuka sauti kila baada ya wimbo. Kila fundo alililowesha mate kabla ya kulikaza, ili lisijiunguze kwa msuguano.

Kosa langu jingine lilikuwa kusoma namba. Namba ya mshipi dukani mara nyingi hueleza nguvu yake kabla ya kukatika. Mpigaji asome milimita. Na asifunge unene mmoja kote: milimita 0.60 iliyotosha kwenye la, ukiiweka kwenye do inabaki na mvuto wa kilo 1 tu, italegea na kugonga shingo. Pale tuliweka 0.90, ikavuta kama kilo mbili na nusu. Kwenye mi 0.75, kwenye sol 0.60. Kama mshipi wako ni wa fluorokaboni, ule unaozama upesi, ni mzito zaidi kuliko nailoni. Chagua mwembamba, karibu 0.48 pale ambapo nailoni ingekuwa 0.60.

Chombo kilipoita abiria nilikuwa napiga bila kukunja uso. Mzee alisikiliza kidogo, akapapasa uzi wa do mara ya mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye ndoana zake.

Wewe unayepiga chombo kidogo cha nyuzi, ukipita Kibiti nunua mishipi yako, kisha kabla hujaifunga mpelekee mvuvi mzee aipapase.